Nimesomea barafu ya bahari, nyumbani wananiita. Nirudi au nibaki?

BARUA

Shikamoo mama,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, ila leo ndiyo mara ya kwanza kukuandikia. Naomba jina langu lisitajwe, maana ndugu zangu nao wanakusoma.

Nimezaliwa Pangani, nina miaka 38. Baba alikuwa mvuvi, baadaye akawa nahodha wa majahazi ya mizigo kati ya Tanga, Pangani na Unguja. Sasa amestaafu na macho yanamsumbua. Mimi nilisoma fizikia Dar es Salaam, nikapata ufadhili wa shahada ya pili Bergen, kisha nikafanya uzamivu Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norway. Hapa ndipo ninapoishi na mke wangu na binti yetu wa miaka sita. Kazi yangu ni kupima barafu ya bahari ya Aktiki.

Nyumbani wanadhani nashinda juu ya barafu. Ukweli ni kwamba muda mwingi niko mbele ya kompyuta. Kuna setilaiti iitwayo CryoSat-2, iliyorushwa mwaka 2010. Inapiga rada kuelekea chini na kupima barafu imechomoza kiasi gani juu ya maji. Kinachochomoza ni kama sehemu moja ya kumi, iliyobaki imezama. Kwa hiyo ukikosea sentimita tano kwa juu, umekosea karibu nusu mita ya unene wote. Na kinachotuchanganya zaidi ni theluji iliyolala juu ya barafu, kwa sababu inaipoteza rada. Ndiyo maana lazima watu waende wenyewe, na fimbo za kupimia theluji na keke za kutobolea barafu, ili hesabu za setilaiti zisahihishwe.

Safari hizo ndizo ninazozipenda kuliko kitu chochote katika kazi hii. Mmoja wenu anasimama na bunduki akiangalia dubu weupe, wengine mnatoboa. Gogo la barafu linatoka na kulazwa kwenye kihori cha plastiki. Unalitoboa vitundu kila baada ya sentimita kumi na kupima joto lake haraka kabla halijabadilika, halafu unalikata kwa msumeno, na kila kipande kinaingia kwenye ndoo yenye mfuniko ili maji ya chumvi yasivuje. Mwisho wa baridi, upande wa chini wa gogo huwa wa rangi ya hudhurungi. Ni mwani wadogo mno wanaoishi ndani ya barafu, nao ndio chakula ambacho viumbe vingi vya bahari ile huanzia.

Siku moja nilimsimulia baba kwa simu kwamba maji ya huko yana chumvi kama ya kwetu, lakini barafu yake ukiiyeyusha unakuta chumvi imebaki kidogo tu. Akanyamaza, kisha akauliza: "Sasa chumvi inakwenda wapi?" Nikamwambia maji yanapoganda chumvi inasukumwa nje, inafanya maji ya chini yawe mazito, nayo yanazama. Akasema: "Basi huko chini kuna mkondo." Mama, profesa wangu alichukua kipindi kizima kutufikisha hapo.

Sasa tatizo langu. Mkataba wangu unaisha mwishoni mwa Desemba. Tangu nimalize uzamivu nimekuwa mtu wa mikataba, ya miaka miwili, ya mwaka mmoja, ya miezi. Wenzangu wamepata fedha za mradi wa miaka mitatu na wananitaka. Ndani yake kuna safari ya meli kuingia kwenye barafu kaskazini mwa visiwa vya Svalbard kuanzia Februari, miezi miwili hadi mitatu. Mwaka 2019 meli ya Polarstern iliondoka hapahapa Tromsø kwenda kujigandisha kwenye barafu na kuelea nayo mwaka mzima, kama mvumbuzi wa Norway, Nansen, alivyofanya na meli yake Fram kuanzia mwaka 1893. Mimi nilikuwa na nafasi katika awamu moja. Mke wangu alikuwa na ujauzito wa miezi minane, nikabaki. Nilikwenda bandarini kuiangalia ikiondoka. Nafasi ya namna hiyo nimeingoja tangu siku ile.

Wiki hiyohiyo nimepata barua kutoka chuo kimoja nyumbani. Wananipa uhadhiri, ajira ya kudumu, kufundisha fizikia ya bahari na tabianchi. Mshahara ni sehemu ndogo ya ninaoupata huku, lakini hauna tarehe ya mwisho. Wanataka jibu ndani ya wiki sita.

Kaka yangu mkubwa aliandika kwenye kundi la familia: "Wewe unawahesabia Wazungu barafu yao, bahari inakula kwetu." Akaweka picha ya ufukwe wetu. Sikumjibu. Baba katika ujana wake alikuwa akienda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi, kisiwa cha Maziwe. Enzi hizo kulikuwa na mivinje, na kasa walipanda kutaga. Leo ni fungu la mchanga, maji yakijaa halionekani.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Tunazo rekodi za setilaiti tangu mwisho wa mwaka 1978. Septemba ya mwaka 1979, barafu ilipokuwa ndogo kuliko miezi mingine, bado ilifunika karibu kilomita za mraba milioni 7. Septemba 2012 ilifika milioni 3.4. Tofauti hiyo inakaribia Tanzania nne. Na kila Septemba tangu 2007 iko chini ya Septemba zote za kabla ya mwaka huo. Sasa mama, mwaka barafu inapovunja rekodi, ndio mwaka waandishi wa habari wananipigia, makala zangu zinasomwa, fedha za mradi zinapatikana. Nimejikuta nikifurahi mbele ya mchoro wa kitu kinachokufa. Nikalala vibaya wiki nzima.

Mke wangu ni muuguzi hospitalini hapa, ameajiriwa moja kwa moja. Anasema niamue, yeye ataridhika.

Nisaidie. Nirudi nikawatumikie watu wangu, au nibaki na barafu?

Mwana wa Pangani, Tromsø


JIBU

Marahaba mwanangu, na salamu kwa mama mtoto na binti.

Nilifundisha jiografia sekondari kabla ya kushika safu hii, kwa hiyo barua yako sikuisoma kama mshauri tu. Katika vitabu tulivyofundishia, Aktiki ilikuwa doa jeupe juu ya ramani na sentensi chache za kukariri. Nimefurahi sana kwamba mtoto wa Pangani ni miongoni mwa wanaolijaza doa lile. Nalisema hili mapema ili ujue moyo wangu umeegemea wapi, na unisome kwa tahadhari utakapoona naivutia barafu.

Nikikuelewa vizuri, una kazi unayoipenda isiyo na uhakika, na umepewa kazi ya uhakika usiyojua kama utaipenda. Baba anazeeka ukiwa mbali. Ndugu wanakusema. Na unaona aibu kwamba riziki yako inanawiri kwa hasara ya dunia. Yote hayo umeyatia kwenye swali moja la kurudi au kubaki, ukalifunga na tarehe. Mimi nayaona kuwa mambo manne, na mengine hayataondoka hata ukipanda ndege kesho. Aibu ile, kwa mfano, utashuka nayo uwanja wa ndege wa Dar es Salaam.

Niruhusu nianze na kaka yako, kwa sababu naona neno lake ndilo lililokuchoma.

Hiyo barafu si ya Wazungu. Walioishi nayo maelfu ya miaka, wakasafiri juu yake na kuwinda sili, ni Wainuit wa Greenland, Kanada na Alaska. Na faida yake ni ya kila mtu: barafu iliyofunikwa na theluji hurudisha angani zaidi ya sehemu nane katika kumi za mwanga wa jua, bahari tupu hairudishi hata moja. Barafu ikipungua, joto hilo linabaki na sisi sote. Tangu 1979 Aktiki imepata joto karibu mara nne ya wastani wa dunia. Kaka yako anastahili kuelezwa haya, na wewe ndiye wa kumweleza.

Lakini usimweleze zaidi ya ukweli ili kujitetea. Unajua kuliko mimi kwamba barafu inayoelea ikiyeyuka hainyanyui bahari kwa kiasi cha maana. Kinachonyanyua maji ni barafu ya nchi kavu, ya Greenland, ya Antaktika na ya milimani, pamoja na maji yenyewe kutanuka yanapopata joto. Na Maziwe ilimezwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na katika sababu zinazotajwa umo ukataji wa miti iliyokuwa imeshika mchanga. Naona katika barua yako umeweka Maziwe na barafu yako karibu karibu, kana kwamba wewe ni shahidi wa msiba mmoja. Kuna uhusiano, ndiyo, ila si wa moja kwa moja kiasi cha wewe kubeba lawama ya fungu lile la mchanga.

Tena nijuavyo mimi familia za kwetu, kaka anayeandika maneno makali kwenye kundi mara nyingi ndiye anayempeleka mzee kliniki ya macho, anayekaa foleni, anayeamshwa usiku. Inawezekana kabisa kaka yako hazungumzii barafu. Inawezekana anasema: nimechoka peke yangu. Kama ndivyo, mchoro mzuri wa setilaiti hautamsaidia. Atasaidiwa na wewe kumpigia simu, wawili tu, nje ya kundi, ukamuuliza mzigo wa baba ukoje na sehemu yako ni ipi. Huenda ni fedha ya msaidizi wa kukaa na mzee. Huenda ni wewe kwenda kila mwaka mwezi mzima ili naye apumzike. Huenda kweli ni kurudi. Hujui, kwa sababu ulinyamaza.

Na baba mwenyewe? Nimetafuta katika barua yako mahali aliposema rudi, sikupaona. Nimekuta mzee aliyeuliza chumvi inakwenda wapi. Mwanangu, mtu ambaye kazi ya mwanawe inamkera haulizi swali hilo. Sitaki kusema zaidi ya ninachokijua: wazee wetu wengi hufa na hamu ya mtoto wasiyoitamka, kwa kuogopa kumharibia. Anaweza kuwa anaifurahia kazi yako na bado anakutaka karibu. Ila mpaka sasa unaamua juu yake bila yeye. Muulize. Usimuulize "nirudi?" kwa sababu atakujibu kama mkeo alivyokujibu. Muulize anavyoziona siku zake, usiku unapitaje, nani anamsomea gazeti macho yakikataa.

Hapo tumefika kwa mkeo, na hapa ndipo nitakaa zaidi.

Barafu umeipa aya nzima, na nzuri. Theluji imepata sentensi zake, hata mwani wa chini ya gogo umemweleza rangi. Mkeo kapata kazi yake, ujauzito wake na jibu lake, basi. Sikulaumu, barua ya shida huandikwa na anayeumwa kuhusu panapouma. Ila mimi ninayesoma kwa mbali naona kwamba katika nyumba yenu mwenye ajira ya kudumu ni yeye. Kodi inapolipwa mkataba wako ukiwa umekatika, naamini analipa yeye. Alijifunza Kinorwe kiasi cha kuuguza watu kwa lugha hiyo. Aliingia katika mji ambao jua halichomozi tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, na wakati wa kiangazi halizami miezi miwili, akaupangia maisha na akamlea mtoto humo. Kama mlikuwapo hapo mwaka 2016, Ramadhani ilipoangukia Juni, ni nani aliyepanga saa za futari katika nyumba isiyo na machweo? Mtu aliyeweza yote hayo hakosi maoni juu ya kuhama.

"Amua, nitaridhika." Neno hilo nimelisikia kwa wanawake wengi, na maana zake hazilingani. Kwa mmoja ni imani. Kwa mwingine ni uchovu wa kuulizwa mambo ambayo jibu lake halitafuatwa. Kwa mwingine ni woga wa kuitwa yule aliyemzuia mwanamume asimzike baba yake. Na wako wanaosema hivyo kwa sababu walishawahi kumzuia mume jambo, na hawataki deni la pili. Mwaka 2019 ulibaki bandarini kwa sababu ya ujauzito wake. Umewahi kumwambia kwamba hilo umelisamehe? Au mpaka leo meli ile ikitajwa kwenye runinga, chumba kinakuwa kizito? Nakuuliza kwa sababu umeniandikia mimi mgeni kwamba nafasi hiyo umeingoja "tangu siku ile". Ninavyohisi, naye anajua kwamba unaingoja.

Kuna jambo jingine ambalo yeye analijua kukupita. Ile aibu yako, ya kunawiri pale kitu kinapokufa, ni ya kweli na siipuuzi. Lakini mkeo anaingia kila zamu mahali ambapo wagonjwa wengine hawatapona, na anapokea mshahara kwa kazi hiyo, na siku nyingine anacheka na wenzake kwenye chumba cha chai. Anaibebaje? Muulize akirudi kutoka zamu, mkiwa mezani. Nadhani atakwambia mambo kuhusu kuhesabu kwa usahihi kitu kinachokwenda ambayo mimi siwezi kukwambia, na huenda ikawa mara ya kwanza kazi zenu mbili kukaa meza moja.

Sasa tuzitazame njia zenyewe.

Ukirudi, umechukulia kwamba umeiaga barafu. Inaweza kuwa hivyo, si lazima iwe hivyo. Data za CryoSat-2 na za setilaiti za rada za Sentinel-1 hutolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti. Rada hiyohiyo inayopenya mawingu ya Aktiki inapenya mawingu ya masika. Aprili 2024 Rufiji ilipofurika, na Mei mwaka huohuo kimbunga Hidaya kilipotua Mafia, anga lilikuwa limeziba na picha za kawaida hazingeona kitu. Mtu anayejua kutofautisha barafu na maji kwa mwangwi wa rada ana mengi ya kuwafundisha vijana watakaotazama mafuriko, mikoko na fukwe, pamoja na huo ufukwe wa picha ya kaka yako. Na katika bara letu hili Afrika Kusini ina kituo chake Antaktika na meli ya kuvunja barafu, S.A. Agulhas II, na wapo watafiti Cape Town wanaoshughulikia barafu ya Bahari ya Kusini. Barafu hiyo nayo imewashtua wataalamu: Februari 2023 ilishuka chini ya kilomita za mraba milioni 1.8, kiasi ambacho rekodi za setilaiti hazikuwahi kuonyesha. Ukiwa Dar es Salaam, huko ni karibu kuliko Tromsø.

Nimekusifia njia hii, sasa nikutahadharishe nayo, kwa sababu nimewaona waliorudi. Mhadhiri mpya hupewa madarasa ambayo wakubwa hawayataki. Darasa la wanafunzi mia kadhaa lina mitihani mia kadhaa ya kusahihisha, na anayesahihisha ni wewe. Utafiti unafanywa usiku, umeme ukiwepo. Hutakuwa na mtu kwenye korido wa kumuuliza kuhusu theluji na rada, na upweke huo wa kiakili huwapata hata wale waliozungukwa na ndugu. Baada ya miaka mitatu minne nje ya mbio za makala na safari, kurudi kushindana na vijana wa Ulaya ni vigumu mno. Wapo waliorudi wakachanua, wakaanzisha maabara na kulea kizazi. Wapo pia waliorudi na makasha ya vitabu ambayo hayajafunguliwa hadi leo. Mara nyingi kilichowatenga ni kile walichokubaliana na chuo kabla ya kutia sahihi: vipindi vingapi kwa wiki, ruhusa ya kusafiri kwa utafiti, na kama chuo kitamwachia fedha za mradi atakazoleta mwenyewe. Pia Pangani si Dar es Salaam. Ukiwa mhadhiri mjini utamwona baba likizo na mwisho wa juma. Ni tofauti kubwa na sasa, ila si kukaa naye, na kaka yako naye alijue hilo mapema.

Ukibaki, faida unaijua, umeniandikia kwa furaha iliyonifikia mpaka hapa. Hatari yake ni kwamba mradi utaisha ukiwa na miaka 41, na swali hili litakurudia, baba akiwa amezeeka zaidi na chuo kikiwa kimeajiri mwingine. Fedha za utafiti huko nazo hupanda na kushuka na siasa. Meli nazo hazina ahadi. Unakumbuka vizuri kuliko mimi kwamba korona ilipoingia, wenzako waliokuwa Polarstern walichelewa kutoka barafuni, na meli ikalazimika kuliacha pande lake la barafu kwa muda ili kubadilishana watu karibu na Svalbard. Miezi mitatu inaweza kuwa mitano. Simu ya kaka ikilia wakati huo, utakuwa mahali ambapo hata kwa mazishi hufiki. Fikirieni hilo mapema wewe, baba na mkeo, mjue mtafanyaje.

Ipo njia ya kati, ya kuomba. Unaweza kuwaandikia chuo ukaomba kuanza kazi baada ya safari ya meli, au baada ya mwaka wa kwanza wa mradi, ukaahidi kuanza na mafunzo kwa njia ya mtandao kwa wanafunzi wachache. Unaweza kuwauliza wenzako wa Tromsø kama nafasi yako inaweza kuwa ya nusu, nusu nyingine ukiwa nyumbani, na chuo kiwe mshirika rasmi wa mradi. Hatari ni wazi: anayeomba kusubiriwa anaweza kukosa, na vibali vya ajira za umma haviishi milele. Na anayekaa nusu huku nusu kule huenda asiridhishe upande wowote. Lakini kuuliza hakujawahi kumnyang'anya mtu nafasi aliyopewa kwa maandishi, mradi aulize kwa adabu na mapema.

Na njia moja hukuitaja, nayo imejificha ndani ya barua: wewe kurudi peke yako, mkeo na binti wakabaki. Familia zetu nyingi zimeishi hivyo, baba Muscat au Dubai, mama na watoto Tanga. Najua zilizosimama na najua zilizovunjika kimyakimya, watu wakiendelea kutumiana fedha na salamu. Kama jambo hilo limepita kichwani mwako, lipite pia mdomoni, mbele ya mkeo, kabla halijageuka mpango. Binti ana miaka sita, mtu mdogo mwenye marafiki na shule na lugha mbili. Naye ana haki ya kuambiwa kwa kiwango chake.

Wiki sita ni muda wa kutosha kwa kazi ninayokupa, ukianza sasa. Wiki hii mpigie kaka. Mwandikie mkuu wa idara wa chuo kile barua fupi yenye maswali halisi: vipindi vingapi, safari ngapi, lini mwisho kabisa wa kuripoti. Jibu lake, na namna atakavyojibu, vitakuonyesha aina ya mahali unapoitwa. Baba mpigie siku ambayo huna haraka.

Na mkeo, usimuulize kama anakubali. Mwambie: "Kama mimi nisingekuwepo katika hesabu, wewe ungetaka kuishi wapi miaka kumi ijayo, na kwa nini?" Halafu unyamaze mpaka amalize. Akisema "popote ulipo", mwulize tena siku nyingine, maana mara ya kwanza watu husema la adabu. Mweleze pia habari ya ile meli ya 2019 kama ulivyonieleza mimi. Ukishamsikiliza niandikie tena, hata kama bado hujaamua, na kama mwenyewe ataridhia, ongeza aya moja ambayo ameiandika yeye.